Je, Wajua? Kamera ya Mkanda Hununuliwa kwa Sikio

Je, wajua kwamba kamera kuukuu huanza kusema ukweli wake kabla muuzaji hajamaliza kuisifu? Iweke kwenye kasi ya sekunde moja, vuta mkono wa kusogezea mkanda, bonyeza, kisha nyamaza usikilize. Shata iliyo nzima, yaani pazia la mwanga ndani ya kamera, hufunguka kwa mlio mfupi, gia zikavuma sekunde moja, halafu ikafunga. Ikivuta hadi sekunde mbili, au ikifunguka na kugoma kufunga mpaka uitikise, mafuta ya ndani yamekauka. Kasi ndogo ndizo hutangulia kuugua. Ndiyo maana muuzaji mjanja hukuonyesha 1/125 peke yake: hapo karibu kila kamera inasikika nzima. Wewe omba sekunde moja, nusu, robo na 1/8, moja baada ya nyingine, wala usione haya.

Je, wajua kwamba herufi B kwenye gurudumu la kasi ni rafiki mkubwa wa mnunuzi? Ukiweka B, shata hubaki wazi muda wote kidole chako kikiwa kimebonyeza. Fungua mlango wa nyuma (hakikisha kwanza hamna mkanda ndani), bonyeza B, washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo lisikutishe, kila lenzi ya miaka 40 inalo. Tafuta mikwaruzo mirefu, ukungu wa maziwamaziwa, na zaidi ya yote, kuvu. Ukimaliza, peleka kasi kwenye 1000, elekeza kamera dirishani na ubonyeze huku ukitazama kwa nyuma. Mwanga unapaswa kujaza mstatili wote. Upande mmoja ukibaki mweusi, mapazia mawili ya shata hayaendi pamoja, na kila picha ya mchana itatoka na ukanda wa giza. Kidole chako kisiguse pazia hilo kamwe, hata kama muuzaji analigusa.

Je, wajua kuna kamera inayokohoa? Canon AE-1, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa na kompyuta ndogo ndani yake, kitu kigeni kabisa kwa kamera ya kioo cha ndani (SLR) wakati huo, hutoa mlio wa kukwaruza unapobonyeza iwapo gia za utaratibu wa kioo chake zimekauka. Kwa fundi anayeijua, ni tone la mafuta mahali panapostahili. Kwa mnunuzi, ni sababu halali ya kushusha bei.

Na kamera hiyohiyo haibonyezeki kabisa bila betri yake ya volti 6. Kwa hiyo maneno "ni nzima, imekosa betri tu" hayana uzito wowote. Nenda na betri yako mfukoni, ile ya 4LR44.

Je, wajua Pentax K1000 ilidumu sokoni tangu 1976 hadi 1997, karibu bila kubadilishwa chochote? Shule za upigaji picha ziliipenda kwa sababu moja tu: haina cha kumficha mwanafunzi. Kasi zote hufanya kazi bila betri. Betri ni ya kipima mwanga peke yake. Tena haina swichi ya kuwasha wala kuzima. Swichi ni kifuniko cha lenzi: ukikivua, kipima mwanga kinaamka, ukikirudisha, kinalala. Ukiikuta imekaa wazi kwenye kabati la kioo dukani, usishangae sindano ya ndani ikiwa haichezi. Tia betri mpya kabla ya kuihukumu.

Nitasema wazi upande nilioegemea: anayeanza anunue kamera ya mitambo mitupu. K1000, Nikon FM ya 1977, Nikon FM2 ya 1982 inayofika kasi ya 1/4000, Olympus OM-1 ya 1972, hata Zenit-E ya Kisovieti ambayo uzito wake unatosha kumfukuza kibaka. Kifaa cha gia na springi hufunguliwa, kikasafishwa, kikafungwa tena. Sakiti ya umeme iliyokufa huzikwa, maana kipuri chake hakitengenezwi tena popote.

Ushahidi? Contax T2, kamera ndogo ya mfukoni yenye ganda la titani, bei yake ilipaa baada ya mwanamitindo Kendall Jenner kuja nayo kwenye kipindi cha Jimmy Fallon mwaka 2017. Kyocera, kampuni iliyoitengeneza, ilitangaza kuachana na kamera hizo mwaka 2005. Watu wanalipa pesa za pikipiki kwa kifaa ambacho kikizimika siku moja, ndiyo basi tena.

Je, wajua kwamba swali la kwanza dukani halihusu kamera, linahusu mkanda? Hapa ndipo wageni wengi wanapoliwa. Kamera nzuri, safi, inayong'aa, inaweza kuwa inakula mkanda uliokufa zamani. Mkanda wa milimita 35, ambao Kodak iliuweka kwenye kikopo chake cha chuma mwaka 1934, unatengenezwa hadi leo. Ule mpana wa 120 pia upo, na umekuwapo tangu 1901. Lakini 620, ambao ulikuwa karibu ni uleule wa 120 uliozungushiwa kigurudumu chembamba zaidi, ulikoma 1995. Kaseti za 126 za kamera za Instamatic za mwaka 1963, hakuna. Visahani vya Disc vya 1982, hakuna. APS, uliozinduliwa kwa mbwembwe mwaka 1996, ulizikwa 2011, na bado kamera zake zimejaa sokoni kwa bei ya kuvutia kwa sababu hiyohiyo. Mkanda mdogo wa 110 ulifufuliwa na Lomography mwaka 2012, kwa hiyo huo una nafuu. Tazama ndani ya mlango wa nyuma au chini ya kamera. Aina ya mkanda mara nyingi imeandikwa hapo. Isipoandikwa, ondoka.

Ajabu ya mambo hayo ni kwamba sanduku la Kodak Brownie namba 2, la mwaka 1901, lenye umri wa babu wa babu yako, hutumia mkanda wa 120 na unaweza kulipigia picha leo, wakati kamera ya APS ya 1999 ni pambo la kabati. Brownie ya kwanza kabisa iliuzwa dola moja mwaka 1900. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza akiwa kijana mdogo na sanduku la Brownie.

Je, wajua kwa nini picha ya milimita 35 ina vipimo vya 24 kwa 36? Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, alichukua mkanda wa sinema, akaulaza ubavu, na akaunganisha nafasi mbili za picha ya sinema kuwa moja. Mfano wake wa kwanza ulikuwa tayari kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Leica yenyewe ilionyeshwa kwa umma kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925. Mwaka 2022 mojawapo ya Leica za majaribio, iliyokuwa mali ya Barnack mwenyewe, iliuzwa mnadani kwa euro milioni 14.4. Huo ndio mtumba ghali kuliko yote katika ulimwengu wa kamera.

Na palipo na jina kubwa pana kivuli chake. Je, wajua kwamba "Leica" ya dhahabu yenye nembo ya tai wa Kinazi, inayouzwa kwa bei ya huruma, karibu hakika ilizaliwa Umoja wa Kisovieti? Huko Kharkiv, Ukraine, kulikuwa na makazi ya watoto waliokosa wazazi, yaliyoongozwa na mwalimu Anton Makarenko. Vijana hao, kuanzia 1934, walitengeneza kamera ya kuiga Leica II na kuipa jina FED, herufi za mwanzo za Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mwasisi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Baada ya vita ikaja Zorki, ndugu yake. Wajanja wa miaka ya baadaye walikwangua maandishi ya FED na Zorki, wakachonga "Leica" juu yake, wakapaka rangi ya dhahabu. Ukitaka kuwanasa, fungua lenzi na utazame ndani, sehemu ya juu: mkono mdogo unaogusana na lenzi una kijigurudumu cha mviringo kwenye Leica halisi. Kwenye FED na Zorki ni kipande kilichochongoka, hakizunguki.

Sisemi FED ni mbaya. Kama FED, kwa bei ya FED, ni kamera tamu yenye historia ya kusimulia. Ila kumbuka sharti lake na la Zorki: vuta mkanda kwanza, ndipo ubadilishe kasi. Ukifanya kinyume unaweza kuvunja utaratibu wa ndani. Basi mwangalie muuzaji anavyoishika. Akizungusha gurudumu la kasi kabla ya kuvuta, fikiria amelizungusha hivyo mara ngapi tangu ainunue.

Kamera ya Kijapani iliyochongwa maneno ya kueleza kwamba ilitengenezwa Japani iliyokaliwa, je? Hiyo ni ya miaka kati ya 1947 na 1952, siku ambazo Wamarekani walikuwa wanaitawala nchi hiyo. Wakusanyaji wanazipenda. Anayeanza hazimhusu.

Je, wajua kwamba pua nayo inanunua kamera? Fungua mkoba wa ngozi unusie. Harufu ya kabati lililofungwa masika nzima ni taarifa ya kuvu. Kuvu hupenda hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 60 hivi, giza, na kutokuwa na upepo, na mkoba wa ngozi humpa vyote vitatu. Mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani kote, ni paradiso yake. Ndani ya lenzi hutambaa nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui, mara nyingi kuanzia ukingoni. Zikiwa changa, fundi hufungua lenzi akazifuta. Zikikaa miaka, hutoa tindikali inayokula utando wa juu wa kioo na baadaye kioo chenyewe, na hapo hakuna dawa. Kamera uliyonunua Arusha au Nairobi kwenye baridi kavu ukiihamishia Tanga, iondoe kwenye mkoba wake siku hiyohiyo. Weka kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na uvibadilishe vikishalowa unyevu. Kamera inayotumika kila wiki huugua kuvu kwa nadra. Inayotunzwa kwa heshima kabatini ndiyo huliwa.

Je, wajua baadhi ya lenzi zina mionzi? Lenzi ya Super-Takumar ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.4, katika matoleo yake ya baadaye, ilitengenezwa kwa kioo kilichochanganywa na thoriamu ili kupindisha mwanga vizuri zaidi. Kwa miaka kioo hicho hugeuka rangi ya chai. Ukiianika juani siku kadhaa, umanjano hupungua sana. Mionzi ni hafifu na kupigia picha hakuna shida; usiivunje wala kuisaga, basi.

Sponji. Neno hilo tu. Kamera nyingi za Kijapani za miaka ya 1960 hadi 1980 ziliziba mwanga kwa vipande vya sponji kuzunguka mlango wa nyuma na chini ya kioo. Sponji hiyo huoza ikawa lami nyeusi yenye kunata. Gusa ukingo wa mlango kwa kijiti: ikinata, mwanga utapenya na mkanda wako utaungua. Kuibadilisha ni kazi ya nyumbani ya mchana mmoja kwa kijiti cha meno, spiriti na sponji mpya, kwa hiyo usikimbie kamera kwa ajili hiyo. Ipunguzie bei tu.

Sehemu ya betri, hata hivyo, ifungue kabla ya jambo jingine lolote. Unga wa kijani au mweupe humo maana yake betri ilivujia ndani. Kidogo hutoka kwa kijiti cha pamba chenye siki. Ukiwa mwingi, dawa imeshapanda kwenye nyaya.

Je, wajua kwamba OM-1, Minolta SR-T 101 na Canonet QL17 zilitengenezewa betri iliyopigwa marufuku? Ilikuwa betri ya zebaki ya volti 1.35, na sifa yake ilikuwa kutoa nguvu ileile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Marekani ilipiga marufuku betri hizo mwaka 1996 kwa sababu ya sumu ya zebaki. Ukitia betri ya kawaida ya volti 1.5 badala yake, kipima mwanga hudhani kuna mwanga mwingi kuliko uliopo, na picha hutoka na giza. Njia ya mafundi ni betri ya kifaa cha kusaidia kusikia, ya hewa na zinki, saizi 675, ambayo hutoa takriban volti 1.4. Ni ndogo kidogo kuliko nafasi yake, basi watu huifungia pete ya mpira au waya ili ikae. Ukishabandua karatasi yake huanza kuzeeka hata kamera ikiwa imezimwa, kwa hiyo nunua pakiti. Pentax Spotmatic ya 1964 ina sakiti isiyobabaishwa na tofauti hiyo ya volti, jambo ambalo wauzaji wenyewe mara nyingi hawalijui.

Olympus Trip 35, iliyotengenezwa tangu 1967 hadi 1984, haitaki betri kabisa. Duara la vijitundu vya kioo kuzunguka lenzi yake ni seli ya seleniamu inayozalisha umeme wa kutosha kuendesha kipima mwanga. Jaribio lake ni la sekunde tano: iweke kwenye A, ziba lenzi kwa kiganja, bonyeza. Kijibendera chekundu kikichomoza kwenye kidirisha na shata ikagoma, seli inasikia giza. Kisha ielekeze kwenye mwanga. Sasa lazima ikubali. Isipoonyesha bendera gizani, au ikiionyesha hata juani, seli imechoka.

Je, wajua jua la kwetu ni kipimo cha bure cha kukagua kipima mwanga? Toka nje mchana wa anga safi, kivuli chako kikiwa kimekatika vizuri ardhini. Weka kamera kwenye ISO 100 (kwenye kamera za zamani imeandikwa ASA, namba ni ileile), kasi 1/125, elekeza kwenye majani au barabara yenye jua. Kipima mwanga kizima kitakwambia f/16 au karibu na hapo. Kikikwambia f/5.6, hakifai. Kanuni hiyohiyo hukuwezesha kupiga picha bila kipima mwanga chochote: juani, f/16, na kasi inayokaribiana na namba ya ISO ya mkanda. Mkanda wa 400, basi 1/500. Mawingu mepesi, fungua hadi f/11. Wapiga picha wa zamani walipiga harusi nzima kwa kanuni hii na macho yao.

Lakini kipima mwanga kina upofu wake. Kimetengenezwa kuamini kwamba kila kitu duniani kina wastani wa kijivu. Ukimpima mzee mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, kinaiona kanzu, kinapunguza mwanga, na uso unapotea. Pima kiganja chako kikiwa kwenye mwanga uleule unaomwangukia mtu, kisha fungua hatua moja, kwa mfano kutoka f/16 hadi f/11. Viganja vya watu wa rangi zote hutofautiana kidogo kuliko nyuso zao, na hiyo ndiyo siri.

Na je, wajua kwamba mikanda ya rangi yenyewe iliwahi kuegemea upande? Maabara za Marekani zilirekebisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Mtafiti Lorna Roth ameeleza jinsi malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani, waliochoka kuona bidhaa zao za kahawia zikitoka vibaya, yalivyochangia Kodak kuboresha rangi za kahawia. Nyuso za watu zilinufaika na malalamiko ya chokoleti. Mkanda mpya wa leo ni mwadilifu zaidi. Mkanda uliokwisha muda wake tangu miaka ya 1980, unaouzwa kama "wa kizamani halisi", usiupigie picha za harusi ya mtu.

Je, wajua mkanda una ng'ombe ndani yake? Chembe za chumvi ya fedha zinazohisi mwanga hushikiliwa na jelatini, inayochemshwa kutoka mifupa na ngozi. Katika miaka ya 1920 Samuel Sheppard wa Kodak alichunguza kwa nini jelatini nyingine ilitoa mikanda mizuri na nyingine mibovu. Akagundua salfa kidogo ndani ya jelatini iliyotokana na mimea ya jamii ya haradali ambayo ng'ombe walikuwa wamekula malishoni.

Ukinunua kamera ukakuta kihesabu kinaonyesha 17 na kifundo cha kurudishia mkanda ni kizito, usifungue mlango. Kuna mkanda wa mtu ndani, na huenda picha zake bado zinaokoleka. Msafara wa baluni wa Msweden Salomon August Andrée ulipotea kuelekea ncha ya kaskazini mwaka 1897. Mabaki yake yakapatikana 1930, na kati ya mikanda iliyolala barafuni miaka 33, John Hertzberg wa Stockholm aliokoa picha 93. Kamera ya mtumba haina barafu ya kuihifadhi, lakini picha nyeusi na nyeupe hustahimili muda kwa namna ya kushangaza. Mkanda wa Kodachrome, hata hivyo, umefungiwa mlango: maabara ya mwisho duniani kuusafisha kwa rangi, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, ilipokea ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Unaweza kuusafisha kama mweusi na mweupe, rangi hazirudi.

Kusafisha. Hapo ndipo pesa inapokwenda, na watu wengi huanza kupiga hesabu baada ya kununua kamera. Studio nyingi zilizosafisha picha kwa saa moja zimehamia dijitali na mashine zao zimekuwa chuma chakavu. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kamera, tafuta atakayesafisha mkanda wako na umuulize bei. Mkanda wa rangi wa kawaida husafishwa kwa dawa za C-41, mfumo wa mwaka 1972, kwenye joto la nyuzi 38, na kosa dogo la joto huvuruga rangi. Mweusi na mweupe ni wa kuvumilia: nyuzi 20, tangi dogo, choo kisicho na dirisha au mfuko wa giza. Kwa kuwa maji ya bomba ya Dar es Salaam na Mombasa hupita joto hilo mwaka mzima, utahitaji barafu kwenye beseni.

Wajua pia kwamba kahawa husafisha picha? Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake katika chuo cha Rochester Institute of Technology walionyesha kwamba kahawa ya unga ikichanganywa na magadi ya kufulia inafanya kazi ya dawa ya kutoa picha. Baadaye watu wakaongeza vitamini C ili kazi iende haraka. Kahawa nzuri ya kunywa haifai sana hapa. Inayotakiwa ni ya bei nafuu, ya robusta, ile inayolimwa Kagera. Magadi nayo, Ziwa Magadi la Kenya limekuwa likiyatoa tangu enzi za ukoloni. Dawa ya kugandisha picha bado utainunua. Kahawa haiwezi kazi hiyo. Na nyumba itanuka vibaya.

Njia nyingine ya kubana matumizi ni kamera ya nusu picha. Olympus Pen ya mwaka 1959, iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani, hugawa kila nafasi mara mbili, hivyo mkanda wa 36 hutoa picha 72. Mtindo huo umerudi: Pentax 17 iliyozinduliwa 2024, kamera mpya ya mkanda kutoka kiwandani, nayo ni ya nusu picha.

Kamera ya bei nafuu haina aibu. John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuzunguka dunia angani, tarehe 20 Februari 1962 alibeba Ansco Autoset iliyotengenezwa na Minolta na kununuliwa dukani kwa dola 40. Kimojawapo cha vituo vya kufuatilia safari hiyo kilikuwapo Unguja. Baadaye wenzake walibeba Hasselblad, na 12 kati ya hizo wameziacha mwezini kupunguza uzito wa kurudi. Hazina kuvu.

Ukisafiri kwa ndege, mkanda ukae mkobani mwako, usiingie kwenye begi la mizigo. Mashine mpya za ukaguzi zinazotazama begi kwa pande zote huunguza mkanda hata kwa kupita mara moja. Omba kwa adabu ukaguliwe kwa mkono.

La mwisho ni la siku ya kwanza nyumbani. Ukishatia mkanda na kufunga mlango, zungusha kifundo cha kurudishia taratibu hadi kikaze, kisha vuta mkono wa kusogezea huku ukikitazama kifundo hicho. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka, meno hayajaushika, na utapiga picha 36 za sikukuu nzima kwenye kipande kilekile kilichojificha ndani ya kikopo, huku kihesabu kikiendelea kuhesabu bila wasiwasi wowote.